Miche Mitatu Kutoka Mto Kagera

Mukandekezi alipoyaona magugumaji kwa mara ya kwanza, aliyapenda. Miaka mingi baadaye, hilo ndilo lililomwia gumu kulitamka, kuliko hata kusema kwamba ndiye aliyeyabeba.

Ilikuwa mwaka 2016. Alikuwa kibaruani katika bonde la mto Kagera pamoja na wanawake wengine wa kijiji cha Kibingo, wakivuna maharage ya tajiri mmoja. Mchana walishuka mtoni kunawa mikono, kwa haraka, maana sehemu ile ina mamba. Pale mto ulipokata kona, kwenye maji yaliyotulia, kulikuwa na mimea inayoelea. Majani yake yalikuwa ya duara, ya kijani kibichi kinachong'aa, na katikati yalisimama maua ya zambarau hafifu yenye doa la njano. Mukandekezi alisahau kunawa.

"Hayo tunawapa nguruwe," alisema mwanamke mmoja mwenyeji wa pale. "Na bata wanakula."

Mukandekezi alikuwa na bata sita. Akajiambia kwamba anawachukulia bata chakula. Alivuta miche mitatu, akaitia katika dumu la njano lililokatwa juu, akaongeza maji kidogo, na jioni akarudi nalo kichwani mpaka nyumbani.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na tisa. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda waliovuka mto huo huo wakiwa vijana, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Yeye alizaliwa Kibingo, akabatizwa Kibingo, akaolewa Kibingo na Sebahire, ambaye wazazi wake walivuka wakati mmoja na wa kwake. Maisha yake yote alikuwa amelima na kuvuna mashamba ya watu. Alizaa watoto watatu, wawili akawazika kabla hawajatembea, akabaki na binti, Mucyo, ambaye sasa ameolewa Rugu. Yeye na Sebahire walikuwa na kibanja kidogo kwenye mteremko juu ya ziwa Rwempango, ziwa dogo ambalo mtu mwenye sauti nzuri anaweza kuita ng'ambo akaitikiwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo walilochimba udongo wa kufyatulia matofali, na shimo hilo halikukauka maji hata kiangazi. Humo ndimo alimoiweka ile miche.

Katika kibanja chake kila kilichoota kilikuwa na kazi yake. Migomba ililisha, kahawa iliuzwa, mihogo ilisubiri njaa. Hakuwahi kupanda kitu cha kutazama tu. Maua yalipochanua, alizoea kusimama kando ya shimo asubuhi kabla ya kwenda shambani, jembe begani.

Jirani yake Deodatha alimkuta hapo siku moja. Deodatha ni Mnyambo wa pale pale, mke wa Projest mvuvi, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi pia wa kutoa.

"Unapanda kitu kisicholiwa?" aliuliza.

"Bata watakula."

Deodatha aliwatazama bata, waliokuwa wakichakura kwenye maganda ya ndizi bila habari na shimo. "Bata wamekataa," alisema. "Wewe umelipenda ua. Sema tu." Wakacheka wote wawili.

Ndani ya mwaka mmoja miche mitatu ilijaza shimo. Mukandekezi alikuwa akiing'oa kwa vikapu na kuirundika kwenye migomba, na baada ya wiki mbili shimo lilijaa tena. Hilo lilimshangaza, lakini halikumtia wasiwasi. Kitu kinachoota bila kupaliliwa, kwa mtu ambaye maisha yake yote amepalilia, kilikuwa kama zawadi.

Kisha zikaja zile mvua za mwishoni mwa 2019 zilizoendelea mpaka mwaka uliofuata. Mto Kagera ulivimba ukaingia mashambani, vijito vyote vya mteremko vikageuka mito. Asubuhi moja Mukandekezi alitoka nje akakuta ukingo wa shimo umebomoka upande wa bondeni. Maji yalikuwa yamechimba mfereji mpya mpaka ziwani. Shimoni hakukuwa na jani hata moja. Alisikitika kidogo, kama mtu aliyepoteza kuku. Kiangazi kilipofika Sebahire alilifukia shimo, akapanda viazi vitamu juu yake.

Miaka miwili ikapita. Siku moja Sebahire alirudi kutoka kuvua. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kawaida ya kutabasamu kabla ya kusema neno. Mkononi alishika mche mmoja wenye mizizi myeusi iliyoning'inia kama nywele zilizolowa.

"Mama Mucyo," alisema, "ua lako nimelikuta ziwani."

"Liko moja?"

"Yako mengi. Pale kijito kinapoingia, pamejaa kama uwanja."

Mukandekezi alikaa chini kwenye kigoda. Sebahire aliutupa mche juani, akanawa, akaja kukaa karibu naye. Alikuwa tayari amelifikiria jambo hilo njia nzima.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Deodatha aliyaona shimoni."

"Deodatha hana shida. Lakini wengine hawatasema kwamba Mama Mucyo ameleta ua. Watasema Wanyarwanda wameleta gugu. Unajua itakapoishia."

Alijua. Kila palipotokea jambo baya, kulikuwa na mtu wa kuuliza ukoo fulani ulitoka wapi na una karatasi gani. Mara mbili maishani mwake alikuwa ameitwa ofisini kuthibitisha kuwa alizaliwa pale alipozaliwa. Kwa hiyo alinyamaza, na mume wake akanyamaza pamoja naye.

Hawakukaa bure. Kila Jumapili baada ya ibada walishuka mwaloni, pale mitumbwi inapofungwa, kwa njia ya nyuma, Sebahire akaingia na mtumbwi, Mukandekezi akasimama kwenye maji ya magoti, wakang'oa mpaka jua lilipozama. Walirundika ukingoni malundo marefu kuliko wao. Wiki iliyofuata sehemu waliyosafisha ilikuwa imefungwa tena, kana kwamba hawakufika. Baada ya miezi minne mgongo wa Mukandekezi ukakataa, mikono ya Sebahire ikatoka vidonda visivyopona kwa sababu ya kukaa kwenye maji machafu. Wakaacha. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba tuache. Jumapili moja tu hawakwenda.

Kufikia mwaka 2023 nusu ya ziwa Rwempango ilikuwa ya kijani. Mtu mgeni akipita juu barabarani angedhani ni malisho ya ng'ombe. Chini ya majani maji yaligeuka meusi, yakanuka kama mayai viza. Kambare walihamia upande wa mbali, sato wakaisha kabisa. Pale wanawake walipochota maji iliwabidi wasogeze magugu kwa fimbo ndefu kwanza, na mara mbili fimbo ilifukua nyoka. Watoto wa shule walianza kukojoa damu, mganga wa zahanati akasema ni kichocho, konokono wanaokileta wamepata makazi kwenye mizizi ile. Mbu walikuwa wengi hata mchana.

Kijiji kilianzisha msaragambo kila Jumanne. Kila kaya ilitoa mtu mmoja, na wote waliingia majini na mapanga na reki. Ofisi ya wilaya kule Rubwera ilimtuma afisa mmoja kijana, Elipidius, mwenye viatu vya mpira na daftari lililofungwa kwa plastiki. Siku ya kwanza alikusanya watu mwaloni, akaeleza.

"Gugu hili si la kwetu," alisema. "Likipata maji yenye mbolea linajizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili. Ukilikata, kipande kinaota. Ukiling'oa, mbegu yake inakaa kwenye matope miaka mingi ikisubiri. Huletwa na mto, au huletwa na mtu. Kuna yeyote aliyewahi kulifuga nyumbani? Siulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua limeingia lini."

Watu walitazamana. Mukandekezi alisimama nyuma, reki mkononi. Deodatha alikuwa mbele yake hatua mbili. Deodatha aligeuza kichwa, akamtazama, kisha akarudisha macho kwa afisa. Elipidius aliandika neno moja kwenye daftari, wakaingia majini.

Magugu hayakukaa mahali pamoja. Upepo ukivuma kutoka mashariki yalisukumwa upande mmoja, njia ya maji ikafunguka, wavuvi wakatoka haraka kutega nyavu. Upepo ukigeuka, njia ilifungwa. Wavuvi walijifunza kuusoma upepo, lakini upepo wa bonde lile hausomeki vizuri, na nyavu nyingi zilibebwa. Projest alipoteza zote, akauhamishia mtumbwi wake mwalo wa ng'ambo ambako bado kulikuwa na maji. Sebahire alibaki peke yake upande huu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, mwaka 2024. Alfajiri Sebahire aliona njia iko wazi, pana kama barabara. Akaingia. Alipokuwa amefika katikati upepo ulikata, ukatulia kidogo, kisha ukaja kutoka upande wa pili. Mukandekezi alikuwa kwenye migomba akitandaza nyasi kavu aliposikia jina lake linaitwa kutoka chini.

Alishuka mbio. Mume wake alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi katikati ya uwanja wa kijani, umbali wa kama viwanja viwili vya mpira. Majani yalikuwa yamemzunguka pande zote, yamebana mbao. Ilionekana kama mtu amekaa shambani.

"Umekwama?" aliita.

"Nimekwama. Upepo utarudi jioni."

"Usitoke mtumbwini, Baba Mucyo."

"Sitoki. Umekula?"

Alimwambia amekula, ingawa hakuwa amekula. Watu walianza kukusanyika. Mtu mmoja alipanda bodaboda kuzunguka ziwa kumfuata Projest, lakini kutoka upande ule nako magugu yalikuwa yamefunga, na mtumbwi wa Projest ulisota kwenye ukingo wa kijani bila kuingia. Vijana walifunga kamba, wakatandika milango na magogo ya migomba juu ya magugu, mmoja akaenda kwa tumbo. Baada ya hatua kumi mlango ulianza kuzama. Wakamvuta akarudi amelowa mpaka kifuani, akitetemeka. Walijaribu tena upande mwingine. Hivyo hivyo. Magugu yale hayakuwa maji ya kupigia kasia wala ardhi ya kukanyaga.

Jua lilipanda. Sebahire alikuwa akichota maji ndani ya mtumbwi kwa kikombe. Watu waliona mkono wake ukienda juu na chini, na mwanzo hawakuelewa. Mtumbwi ule ulikuwa wa zamani, wenye ufa uliozibwa kwa matambara, na magugu kwa kuubana yalikuwa yanaufungua. Kufikia saa nane mkono ulikuwa unakwenda haraka zaidi.

"Unaingiza maji?" Mukandekezi aliita. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Kidogo."

"Kiasi gani?"

Aliuliza kama Mucyo amepigiwa simu. Akaambiwa amepigiwa, yuko njiani kutoka Rugu. Akasema vizuri.

Kama saa tisa alasiri mtumbwi ulianza kulala upande. Watu wote walimwona Sebahire akisimama, akang'oa ubao wa kukalia, akaulaza juu ya majani, na kasia akalilaza kando ya ubao. Akavua shati. Mukandekezi alimpigia kelele asitoke. Deodatha alikuwa amemshika mkono. Sebahire alilala kifudifudi juu ya ubao, akaanza kujivuta kwa viwiko, akausukuma ubao mbele, akajivuta tena. Alikwenda hivyo urefu wa mtumbwi mmoja, halafu wa pili. Wanaume mwaloni walianza kumhesabia kwa sauti, kama wanavyofanya watu wanaponyanyua mzigo mzito. Halafu ubao uliinama upande wa mbele, ukaingia, naye akaingia nao. Mkono mmoja ulirudi juu ukashika majani. Majani yalisogea, yakaufuata mkono chini, kisha yakainuka tena yakajifunga mahali pale pale. Kulikuwa na maua mengi sehemu ile.

Mucyo alifika saa kumi na moja, akamkuta mama yake amekaa matopeni.

Walimpata siku ya nne, upepo ulipoyahamisha magugu kaskazini. Projest ndiye aliyemwona. Mizizi ilikuwa imemfunga miguu na shingo, ikabidi ikatwe kwa kisu. Walimbeba juu ya mlango mmojawapo wa ile iliyotumika kujaribu kumfikia, wakamzika jioni ile ile kwenye kibanja chake, karibu na viazi vitamu.

Siku matanga yalipoondolewa, Mukandekezi alimwambia binti yake kila kitu: dumu la njano, shimo, mvua. Walikuwa jikoni, Mucyo akimenya ndizi. Kisu hakikusimama.

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Akakwambia unyamaze."

"Ndiyo."

"Basi nyamaza, mama. Amekufa akiwa ameificha siri hii. Mwache nayo."

Huenda angefanya hivyo. Lakini mwezi uliofuata mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule, kuzungumzia watoto wanaokojoa damu na ziwa lililoua mtu. Elipidius alikuwepo. Watu walikuwa na hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda. Mwanamume mmoja mwenye mashamba karibu na kijito alisimama.

"Mimi nasema kitu kimoja," alisema. "Marehemu, Mungu amrehemu, miaka ya nyuma alikuwa akienda Kagera kutega. Alikuwa akirudi na vyombo vyake vimelowa maji ya mtoni. Gugu linashika kwenye nyavu. Nani mwingine hapa alikuwa anatoka kule na kuingia humu? Simlaumu maiti. Lakini ukweli usemwe."

Watu waliguna kukubali. Mwingine akaongeza kwamba hata hivyo kule ng'ambo ya mto ndiko kwao.

Mukandekezi alisimama. Alikuwa na kanga ya msiba bado. Hakuwahi kusema mkutanoni maisha yake yote, akaanza bila hata kusalimu.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Niliyatoa mtoni mwaka 2016, miche mitatu, nikayaweka kwenye shimo la matofali. Mvua ikayachukua. Sebahire hakuleta kitu. Alikuwa anayang'oa."

Barabarani ilisikika kengele ya baiskeli.

"Uliyaleta ya nini?" mwenyekiti aliuliza.

Alitaka kusema bata. Lilikuwa jibu zuri, lingeeleweka. "Yalikuwa na maua mazuri," alisema.

Mtu mmoja alicheka, si kwa furaha. Elipidius aliinuka upesi. Alisema mama amefanya jambo la ujasiri, na kwamba mwaka ule wa mafuriko maji ya Kagera yenyewe yaliingia mabondeni, inawezekana kabisa gugu liliingia kwa njia hiyo, na hakuna mtu duniani anayeweza kuthibitisha ni mche upi ulioanza. Alilieleza vizuri, kwa utaratibu. Hakuna aliyemsikiliza. Mafuriko hayana uso, na Mukandekezi alikuwa amesimama pale mbele yao. Mama wa mtoto mmoja mgonjwa alitema mate chini, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Deodatha alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na chungu cha maharage yaliyopikwa, akakiweka kizingitini.

"Kuna jambo," alisema. "Mimi pia nilichukua. Ule mwaka wa kwanza, wewe ukiwa kibaruani. Nilivuta mche mmoja shimoni kwako nikautupa pale tunapochota maji. Projest alikuwa amesema samaki hupenda kivuli."

Mukandekezi alimtazama. "Mwaka wa kwanza? Kabla ya mvua?"

"Kabla. Nilidhani ule mche umekufa. Sikuuona tena."

"Jana ulikuwa umekaa pale mkutanoni."

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

Deodatha alifikiri, kwa kweli alifikiri, kama mtu anayetafuta jibu asilolijua. "Wewe ulikuwa umekwisha kusema," alisema.

Maharage yalikaa kizingitini mpaka yakachacha. Mukandekezi hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na ingebadili nini? Alijaribu kupata nafuu katika habari ile, kwamba huenda haikuwa miche yake, huenda ulikuwa wa Deodatha, huenda ulikuwa mto. Nafuu haikuja. Mche wa Deodatha nao ulitoka kwenye shimo lake.

Mucyo alimchukua Rugu. Alikaa miezi mitatu nyumbani kwa mkwe, akilala chumba kimoja na mahindi, akijitahidi asile sana. Watu wa kule hawakumjua, walimwamkia shikamoo, naye akaitika. Lakini Rugu hakuna kaburi la Sebahire, na kibanja bila mtu huliwa na majirani hatua kwa hatua. Mwezi wa kwanza alirudi.

Alikuta migomba yake haijaguswa. Hilo lilikuwa la kushukuru. Lakini hakuna aliyemwita kibaruani tena Kibingo. Kwenye maji, akifika, wanawake walimaliza kuchota haraka wakaondoka, hawakumtukana, walimwachia nafasi kubwa tu. Basi siku za gulio alitembea mpaka barabarani, akapanda gari mpaka Rubwera, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Rukia, mama mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka Pangani. Rukia hakuuliza maswali. Aliangalia tu kama sufuria zimeng'aa.

Ilikuwa hapo Rubwera, akiwa amechuchumaa nyuma kwenye karai, aliposikia jina lake. Madereva wawili wa bodaboda walikuwa wakila. Mmoja aliuliza mbona siku hizi hakuna kambare.

"Kambare watoke wapi?" alijibu mwenzake. "Mukandekezi imefunga ziwa lote."

Alilisema kama mtu anavyosema magadi au matope. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa kijana wa mbali, hakujua kwamba neno lile ni mtu.

Rukia alikuja nyuma kuchukua sahani. "Wanasemaje hao? Mukandekezi si wewe?"

"Ni mimi."

"Na hilo gugu?"

"Nalo wameliita hivyo."

Rukia alizikusanya sahani. "Basi huku kwangu utaitwa Mama Mucyo," alisema, akarudi ndani.

Mwaka huu Elipidius ameleta wadudu wadogo wa kahawia, jamii ya fukusi, wanaokula gugu hilo peke yake. Aliwamwaga kutoka kwenye ndoo sehemu tatu za ziwa. Anasema watafanya kazi, lakini polepole, miaka mitano, pengine saba. Kwenye kona moja majani yametoboka na kugeuka kahawia. Kwingine kote bado ni kijani. Msaragambo wa Jumanne unaendelea, ingawa watu wanaotoka wamepungua. Mukandekezi hakosi. Anaingia mahali pake, mwisho wa mstari, na reki yake.

Jumanne iliyopita alipofika mwaloni alimkuta Deodatha peke yake ameketi juu ya jiwe, akisubiri wengine. Tangu yale ya maharage wamekuwa wakisalimiana, si zaidi. Ziwa lilikuwa limebadilika tangu jioni. Mbele ya mwalo palikuwa na maji wazi, meusi.

"Umeona?" Deodatha alisema, akinyoosha mkono. "Mukandekezi imehama usiku."

Kisha akafunga mdomo. Aliangalia mikono yake mwenyewe. Kutoka juu kwenye migomba zilisikika sauti za watu wanaoshuka na mapanga.

Mukandekezi alikunja kanga yake juu ya magoti, akaifunga.

"Imekwenda upande gani?" aliuliza.

"Kule kwenye kijito."

"Basi tuanzie huko," alisema, akatangulia kuingia majini.